Kikokotoo cha HCT-CI: Kinaupima Mwili, Hakiipimi Limfoma

Mgonjwa wa limfoma, yaani saratani ya mfumo wa limfu, anapoambiwa kwamba hatua inayofuata ni kupandikizwa seli shina, zile zinazotengeneza damu, jambo la kwanza analotaka kujua, yeye na ndugu zake, ni kama atapona na ataishi muda gani. Siku hizi jibu hutafutwa mara nyingi katika kikokotoo kiitwacho HCT-CI, kinachohesabu maradhi mengine aliyonayo mgonjwa kabla ya kupandikizwa na kinachopatikana bure mtandaoni, ambacho mtu yeyote mwenye simu anaweza kukifungua, akajaza hali yake ya kiafya na kupewa alama. Nimekitumia kwa muda wa kutosha kuona kinapofaa na kinapopotosha, na hapa nakusudia kueleza yote mawili, kwa sababu alama inayotoka pale huingia katika maamuzi ya watu walio katika kipindi kigumu kuliko vyote maishani mwao. Hukumu yangu naitoa mapema: ni chombo kizuri sana kwa swali kilichoundiwa, lakini swali hilo silo analouliza mgonjwa wa limfoma.

Kikokotoo hiki ni matunda ya kazi ya Daktari Mohamed Sorror na wenzake katika kituo cha saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, Marekani, iliyochapishwa mwaka 2005. Kabla yake, madaktari wa upandikizaji walikuwa wakiazima kipimo cha Charlson, nacho cha kuhesabu maradhi mengine ya mgonjwa, kilichotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya wagonjwa waliolazwa katika wodi za kawaida. Kipimo hicho hakikuwafaa, kwa kuwa watu wenye maradhi mazito hawachaguliwi kupandikizwa tangu mwanzo, na waliobaki wengi wao walipata sifuri ingawa hawakuwa na afya inayolingana. Kikundi cha Sorror kilipitia mafaili ya wagonjwa 1,055 waliopandikizwa seli za wachangiaji, kikaongeza matatizo ambayo Charlson hakuyahesabu, kama vile maambukizi, unene uliokithiri na matatizo ya afya ya akili, kikaweka mipaka ya vipimo vya maabara kwa mapafu, ini na figo, na mwishowe kikabaki na hali 17, kila moja ikiwa na uzito wa alama 1, 2 au 3.

Matokeo yalikuwa na maana kubwa. Katika kundi lililotumika kukihakiki kipimo, vifo visivyotokana na kurudi kwa saratani ndani ya miaka 2 vilikuwa asilimia 14 kwa waliopata sifuri, asilimia 21 kwa waliopata alama 1 au 2, na asilimia 41 kwa waliopata 3 au zaidi. Waliokuwa hai baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 71, 60 na 34 kwa mpangilio huohuo. Mwaka 2014 umri uliingizwa katika hesabu, kwa kumwongezea alama 1 kila mwenye miaka 40 au zaidi, na toleo hilo ndilo linalotumika katika vituo vingi. Mwaka uliofuata ulichapishwa uhakiki mkubwa zaidi, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 19,000 katika daftari la kimataifa la upandikizaji la CIBMTR, wakiwemo waliopandikizwa seli zao wenyewe, na alama kubwa ziliendelea kufuatana na vifo vingi zaidi. Vipimo vilivyokaguliwa kwa kiasi hicho si vingi katika fani hii, na kwa hilo HCT-CI inastahili heshima yake.

Matatizo huanza pale mtu anapokaa kujaza majibu. Maswali yanaonekana mepesi, lakini nyuma ya kila moja kuna masharti ambayo asiyeyasoma atayakosa. Mfano mzuri ni mapafu, kwa sababu hapo ndipo wagonjwa wengi wanapopata alama zao. Kipimo kimoja huangalia jinsi gesi inavyopita kutoka kwenye vifuko vya hewa kuingia kwenye damu, na matokeo huandikwa kama asilimia ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa umri, jinsia na kimo hicho. Anayezidi asilimia 80 hapewi alama, aliye kati ya 66 na 80 hupewa 2, na mwenye 65 kushuka chini hupewa 3. Sasa gesi hiyo hupokelewa na himoglobini, na mgonjwa wa limfoma aliyetoka kwenye mizunguko ya dawa kali mara nyingi ana upungufu wa damu, kwa hiyo kipimo hushuka hata kama mapafu yenyewe ni mazima. Ndiyo maana watunzi wa HCT-CI wanataka matokeo yasahihishwe kwa kanuni ya Dinakara, ambayo hugawanya asilimia iliyopimwa kwa himoglobini iliyozidishwa na 0.06965.

Tuchukue mgonjwa mwenye himoglobini ya gramu 10 kwa desilita, ambaye kipimo cha gesi kimesoma asilimia 62, nguvu yake ya kupuliza hewa ni ya kawaida na hana shida ya kupumua. Akijaziwa namba hiyo kama ilivyo, anapata alama 3 na kuingia papo hapo katika kundi la hatari kubwa. Namba hiyohiyo ikisahihishwa, 62 hugawanywa kwa 0.6965, jibu linakuwa 89, na mgonjwa hana alama hata moja kwa upande wa mapafu. Mwili ni uleule na siku ni ileile, lakini mtu mmoja amewekwa kwenye kundi lenye vifo vya asilimia 41 na pengine amenyimwa tiba, kwa sababu tu aliyejaza hakuangalia kipimo cha damu kilichokuwa kwenye faili lilelile. Ningependa kila anayetumia kikokotoo hiki afanye hesabu hiyo kwa mkono walau mara moja, ili aone jinsi alama inavyoweza kuyumba.

Masharti ya namna hiyo ni mengi. Kisukari huhesabiwa ikiwa kinatibiwa kwa insulini au vidonge, ila kinachodhibitiwa kwa chakula pekee hakina alama. Wasiwasi au sonona huhesabiwa panapokuwa na tiba endelevu, si kidonge anachomeza mgonjwa siku anapokosa usingizi. Maambukizi huhesabiwa yale ambayo dawa zake zinalazimika kuendelea hata baada ya siku ya kupandikizwa. Saratani nyingine yoyote iliyowahi kutibiwa, isipokuwa zile za ngozi zisizo melanoma, huleta alama 3, sawasawa na mapafu yaliyoharibika vibaya, na hapa naona kipimo kinamwonea aliyepona saratani ya titi miaka mingi iliyopita na ambaye leo hana dalili yoyote. Kwa kuwa masharti ni mengi hivi, watu wawili wanaosoma faili moja wanaweza kutoka na alama tofauti, na Sorror mwenyewe alilazimika kuchapisha mwongozo wa kina wa ujazaji mwaka 2013. Ushauri wangu ni kwamba mgonjwa au ndugu anayejijazia mwenyewe nyumbani asiichukulie alama aliyoipata kuwa ya mwisho mpaka imepitiwa na mtu aliyesoma mwongozo huo.

Hata hivyo, kasoro hizo ni za ujazaji, na zinarekebishika. Kilicho kizito zaidi ni kile ambacho kikokotoo hakiulizi kabisa. Katika hali zote 17 hakuna hata moja inayohusu limfoma yenyewe: ni ya aina gani, imesambaa kiasi gani, ilirudi lini, imejibu vipi dawa za mwisho. Watunzi walikusudia hivyo, kwa kuwa walitaka kupima uwezo wa mwili kuhimili tiba. Kwa mgonjwa anayepokea seli za mchangiaji, swali hilo ni zito kweli, maana anakabiliwa na maambukizi, na seli ngeni kuushambulia mwili wake, na madhara ya dawa za kushusha kinga. Lakini wagonjwa wengi wa limfoma wanaopandikizwa hurudishiwa seli zao wenyewe, zilizovunwa na kugandishwa kabla hawajapewa dozi kubwa ya dawa, kwa kawaida mchanganyiko wa karmustini, etoposidi, sitarabini na melfalani unaojulikana kama BEAM. Katika vituo vyenye uzoefu, vifo vinavyotokana na upandikizaji wa aina hii ni asilimia chache tu. Kinachowaua wengi ni limfoma kurudi. Kwa hiyo mgonjwa mwenye alama sifuri ambaye uvimbe wake haukuitikia dawa ana mwili mzima na matarajio mabaya kwa wakati mmoja, na kikokotoo kitamwonyesha la kwanza tu.

Kinachotabiri zaidi katika limfoma ni jinsi ugonjwa ulivyoitikia tiba ya uokoaji inayotolewa kabla ya kupandikiza. Msingi wa jambo hili uliwekwa na utafiti wa PARMA, uliochapishwa mwaka 1995. Wagonjwa 215 waliorudiwa na limfoma kali isiyo ya Hodgkin (Hodgkin ni aina mojawapo ya limfoma) walipewa kwanza mizunguko 2 ya dawa, na wale tu ambao uvimbe wao ulipungua, 109 kwa jumla, ndio waliogawanywa kwa bahati nasibu kati ya kupandikizwa na kuendelea na dawa za kawaida. Baada ya miaka 5, waliokuwa hai walikuwa asilimia 53 kwa waliopandikizwa na asilimia 32 kwa wasiopandikizwa, na walioishi bila ugonjwa kurudi au tatizo jingine kubwa walikuwa 46 kwa 12. Mara nyingi hunukuliwa asilimia 53 peke yake, na ni vema msomaji akumbuke kwamba inawahusu walioitikia dawa, na kwamba karibu nusu ya walioanza hawakufika kwenye mgawanyo huo.

Baada ya dawa ya rituksimabu kuingia katika tiba ya kwanza, picha ilibadilika tena. Utafiti wa CORAL wa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa 396 wa limfoma ya seli B kubwa, ulionyesha kwamba muda wa ugonjwa kurudi una uzito mkubwa: walioishi miaka 3 bila tukio baya walikuwa asilimia 20 kwa waliorudiwa kabla ya miezi 12 kutimia tangu ugonjwa utambuliwe, na asilimia 45 kwa waliorudiwa baada ya hapo. Takriban nusu tu ndio waliofikia kupandikizwa. Utafiti huohuo ulithibitisha uzito wa kipimo kifupi cha mambo matatu, yaani kimeng'enya cha LDH kwenye damu, hatua ya ugonjwa, na uwezo wa mgonjwa kujihudumia, vyote vikipimwa wakati ugonjwa umerudi na si siku ulipogunduliwa. Mambo haya ni rahisi kuyapata kuliko hata yale ya HCT-CI, na kwa mgonjwa wa limfoma yanaeleza mengi zaidi.

Juu ya yote ipo picha ya PET, skani inayoonyesha uvimbe ulio hai ukiwa unang'aa, inayopigwa baada ya tiba ya uokoaji. Tangu mkutano wa wataalamu uliofanyika Deauville, Ufaransa, mwaka 2009, picha hiyo husomwa kwa daraja 1 hadi 5, kwa kulinganisha mng'ao wa uvimbe na ule wa damu iliyo katikati ya kifua na ule wa ini. Daraja 1 hadi 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa ugonjwa umeitikia kikamilifu, na 4 na 5 kwamba bado kuna mng'ao unaozidi wa ini. Kama ningelazimika kuchagua taarifa moja tu ya kumtabiria mgonjwa anayekwenda kurudishiwa seli zake, limfoma yake iwe ya Hodgkin au ya seli B kubwa, ningechagua daraja hilo na kuiacha alama ya HCT-CI.

Wapo waliojaribu kuziba pengo hili kwa wanaopokea seli za mchangiaji. Philippe Armand na wenzake walitunga kipimo kiitwacho DRI mwaka 2012, wakakiboresha mwaka 2014 kwa data za wagonjwa 13,131 wa CIBMTR. Chenyewe hakiulizi lolote kuhusu moyo wala figo, huangalia aina ya saratani na hali yake siku ya kupandikiza, kisha kumweka mgonjwa katika moja ya makundi manne. Waliokuwa hai baada ya miaka 2 walikuwa asilimia 66 katika kundi la hatari ndogo, 51 la wastani, 33 la hatari kubwa na 23 la hatari kubwa sana. Vipimo hivi viwili vinakamilishana, na ninashangaa kuona bado vinatumika kila kimoja peke yake. CIBMTR pia wana kikokotoo cha kukadiria uhai wa mwaka 1 baada ya kupandikizwa seli za mchangiaji, kinachochanganya mwili na ugonjwa pamoja. Kwa anayetaka namba moja ya jumla, hicho kinamfaa zaidi, mradi akumbuke kwamba mwaka 1 ni muda mfupi na kwamba hakikutengenezwa kwa wanaorudishiwa seli zao wenyewe.

Upande wa usahihi, ni haki kusema wazi HCT-CI inafika wapi. Uwezo wa kipimo kutofautisha wagonjwa hupimwa kwa namba kati ya 0.5, ambayo ni sawa na kubahatisha, na 1.0, ambayo ni kutokosea kabisa. Katika uchapishaji wa 2005, kwa kutabiri uhai, HCT-CI ilipata 0.661 na Charlson 0.561. Maana yake ni kwamba ukichukua wagonjwa wawili ambao matokeo yao yametofautiana, kipimo kitakuwa kimempa alama kubwa yule aliyefariki mapema katika jozi takriban 66 kati ya 100, na katika jozi 34 kitakuwa kimekosea. Hayo ni maendeleo makubwa kwa daktari anayepanga nguvu ya dawa kwa mamia ya wagonjwa, au kwa mtafiti anayelinganisha vituo viwili. Kwa mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari, ni kauli kuhusu kundi linalofanana naye, na asilimia 34 ya kundi lenye alama 3 au zaidi walikuwa hai baada ya miaka 2. Nimewahi kuona alama hiyo ikitamkwa mbele ya familia kama tarehe ya mwisho, na huo ni ukatili ambao kipimo chenyewe hakikuukusudia.

Jambo jingine linaloipunguzia namba hizi uzito ni kwamba tiba imebadilika. Utafiti wa ZUMA-7 uliwachukua wagonjwa 359 wa limfoma ya seli B kubwa ambayo ilikaidi tiba ya kwanza au ilirudi ndani ya miezi 12, ukalinganisha njia ya zamani ya uokoaji na upandikizaji na tiba ya CAR-T, ambamo seli za kinga za mgonjwa huchukuliwa na kufundishwa kuitambua saratani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha asilimia 54.6 ya waliopangiwa CAR-T wakikadiriwa kuwa hai baada ya miaka 4, dhidi ya 46.0 kwa njia ya zamani. Hii ina maana mbili kwa anayetabiri. Kwanza, pale tiba hii inapopatikana, wagonjwa wengi wa hatari kubwa hawafiki tena kwenye upandikizaji, hivyo wanaopandikizwa leo si watu walewale wa mwaka 2005 wala wa CORAL. Pili, kurudi kwa limfoma baada ya kupandikizwa si tena mwisho wa njia kwa kila mtu, na makadirio yaliyotokana na miaka ya kabla ya 2017, tiba hiyo ilipoidhinishwa Marekani kwa limfoma kwa mara ya kwanza, huenda yakawa ya giza kuliko hali halisi ya anayeweza kuipata.

Kwa matumizi ya kawaida, mwenendo wa kikokotoo ni wa kuridhisha. Ni chepesi na hakihitaji malipo. Kinachokosekana ni sentensi mbili au tatu mwishoni, za lugha ya kawaida, zinazosema alama hii inahusu hatari ya tiba, ilipimwa kwa akina nani, na haijumuishi hali ya saratani. Sentensi hizo zingewaepusha wasomaji wengi na hofu au matumaini yasiyo na msingi.

La mwisho linawahusu wale waliokwisha kupandikizwa, kwa kuwa nao hukifungua kikokotoo hiki wakitafuta faraja. Alama ya HCT-CI hupimwa kabla ya kupandikiza na makadirio yake huanzia siku hiyo. Limfoma nyingi zinazorudi baada ya mgonjwa kurejeshewa seli zake hurudi ndani ya miaka 2 ya mwanzo, na kila mwezi unaopita bila ugonjwa huboresha matarajio yaliyobaki. Mtu aliyemaliza miezi 18 akiwa na picha safi hayumo tena katika kundi aliloanza nalo, na akijaza leo majibu ya siku ya kulazwa kwake, atapewa hatari ambayo sehemu yake kubwa ameshaivuka. Huyo anahitaji daktari anayemfuatilia amweleze matarajio yake kuanzia hapo alipo sasa, pamoja na yale yanayobaki kuangaliwa kwa miaka mingi baadaye: moyo, mapafu, homoni, na uwezekano wa saratani nyingine kuzuka kutokana na dawa alizopewa.